Kengele ya Mbuzi

Usiku wa kwanza nilidhani mwizi.
Komeo lilinong'ona, mlango ukapumua,
baridi ya mlima ikaingia bila hodi.
Nikashika mchi, nikatoka peku.
Kumbe ni Nsia, miaka minane, kavaa mabuti ya baba yake,
la kulia mguu wa kushoto,
anaburuza ndoo tupu kuelekea mferejini.

Macho yake yalikuwa wazi,
wazi kama nyumba iliyoachwa taa ikiwaka
na wenyewe wameenda msibani.
"Nsia, waenda wapi?"
"Haijajaa," akasema. "Bado haijajaa."

Nilimtikisa. Hilo kosa ni langu, naliandika hapa.
Alipiga yowe lililoamsha mbwa wa Kibosho nzima,
akanipiga ngumi mimi, mama yake,
kama mtu aliyenyang'anywa daraja akiwa katikati.
Asubuhi alikunywa uji, hana habari,
akauliza nani kampaka tope miguuni.

Mama Eliaichi wa ng'ambo ya migomba
alishasema lake kabla jua halijapanda:
kuna mzimu unamtuma maji.
Akanitajia mtu wa Uru, na bei yake.
Nilikaribia kwenda. Elfu arobaini nilishaifunga kwenye pindo la kanga.
Ila gari lililotangulia kupita lilikuwa la mjini.

Hospitali ya Mawenzi, foleni hadi saa nane,
daktari wa miwani iliyofungwa kwa uzi
akauliza mambo madogo madogo:
Analala saa ngapi? Ana homa? Anakoroma?
Na wewe, mama, utotoni ulitembea?
Nikasema hapana, kwa sauti ya mtu anayesingiziwa.

Akasema ubongo wa mtoto haulali wote kwa pamoja.
Kuna chumba kinachochelewa kuzima taa,
na miguu hukaa humo.
Wengi huacha wakikua.
Usimtikise. Mshike bega, mgeuze taratibu,
mrudishe kama unavyorudisha ng'ombe mwenye mimba.

Basi nikawa bawabu.
Panga likapanda darini,
mchi ukahamia uvunguni mwangu,
komeo jipya juu, mkono wake usipofika,
na kengele ya mbuzi tuliyemuuza Pasaka
nikaining'iniza mlangoni.
Saa tatu kitandani, hata kama hesabu hazijaisha
(na mwalimu wake tuligombana, kisha tukaelewana).
Miguu yake ilikuwa na saa yake, tano na nusu,
hivyo saa tano na robo nilimwamsha kidogo,
nikampeleka kujisaidia, nikamlaza tena.
Wiki ya tatu kengele ikanyamaza.

Nikampigia mama simu, nijisifu.
Kimya. Halafu akacheka, cheko fupi.
"Wewe tulikukuta zizini, umemkumbatia ndama.
Bibi yako alikumwagia maji.
Tukaapa hakuna atakayesema."
Miaka thelathini!
Kumbe ndiyo maana mpaka leo
tone la maji likinigusa shingo
nageuka kutafuta aliyenimwagia.

Mimi sikuapa. Nsia nilimwambia yote,
mchana kweupe, jikoni, tukimenya ndizi za mtori:
tope, mabuti, ndoo, ngumi, na yule ndama.
Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Yaliyobaki nimesimuliwa tu; mimi sikuwepo.
Msimu wa kahawa, mikono imechubuka,
na miezi ya kuamka usiku ilikuwa imenidai deni lake.
Kengele ililia. Nsia akatoka kitandani.
Alinikuta nimeshika komeo la juu, lile nililolipandisha mwenyewe,
nikiita jina la mnyama asiyemjua.
Hakunitikisa.
Anajivunia hilo kuliko alama zote za darasani.
Alinishika kiuno, kwa kuwa begani hafiki,
akasema polepole, "Mama, imejaa. Twende."

Nami, anasema, nilimfuata.